Shimoni Hadi Marafa: Panga Safari ya Pwani kwa Gari Bila Kukwama na Pesa

Mwezi wa nane tulikuwa gatini Shimoni, saa moja asubuhi, tumebeba taulo na miwani ya kuogelea, tayari kwenda Kisite. Nahodha akaangalia bahari, akaangalia upepo, akatikisa kichwa. "Leo hapana. Kusi limeamka vibaya." Sisi tulikuwa tumemlipa akiba ndogo tu, na tukakubaliana ihamie kesho yake. Pembeni yetu kulikuwa na familia nyingine iliyokuwa imetuma pesa zote wiki mbili kabla, kwa nambari ya mtu waliyempata mtandaoni. Nahodha hakuwa na habari naye. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama wa watoto alikuwa amesimama anasoma ujumbe wa malipo tena na tena, kana kwamba jina lingebadilika.

Bahari ilikuwa ile ile na upepo ule ule. Tofauti kati yetu na wao ilikuwa ni jinsi pesa ilivyolipwa, na kwa nani. Ndio maana tumeandika makala hii. Wateja wengi hutuuliza kila likizo inapokaribia: naweza kusafiri Pwani na simu peke yake? Nilipe nini mapema? Nibebe cash kiasi gani? Tuliendesha gari sisi wenyewe kutoka Shimoni hadi Marafa tukiwa na maswali hayo, na haya ndiyo majibu.

Kwanza, chagua msimu

Kabla ya kuhesabu shilingi, hesabu upepo. Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu mwezi wa tatu, na hapo bahari huwa tulivu na maji maangavu. Huo ndio wakati mzuri wa kuona samaki na matumbawe. Kusi huvuma kuanzia karibu mwezi wa nne hadi wa tisa, na mawimbi huwa makali zaidi katikati ya kipindi hicho. Mvua ndefu za Aprili na Mei nazo huharibu barabara za vumbi.

Haina maana usisafiri wakati wa kusi. Bei za malazi huwa nafuu na vijiji vimetulia. Ila weka siku moja ya ziada kwa upande wa bahari, na usilipe chombo pesa zote mbele.

Uliza pia kuhusu maji kujaa na kupwa. Matembezi ya Mida na ya Wasini hubadilika kabisa kulingana na saa ya maji. Mwenyeji atakuambia bila hata kuangalia kitabu. Mpigie siku moja kabla.

Njia yenyewe, siku kwa siku

Tunaanzia Mombasa. Kwenda Kusini una njia mbili: feri ya Likoni, au barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila kupanda feri. Ukiwa kwa miguu feri hulipi, lakini gari linalipiwa. Kama unatoka Nairobi na huna shughuli mjini, Dongo Kundu itakuokoa foleni.

*Siku ya kwanza: Gazi na Shimoni.* Simama Gazi, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale. Hapa wanakijiji wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Mapato huenda kwa miradi ya kijiji, kama maji na shule. Akina mama wa Gazi nao wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Unatembea, unaelezwa, na ukiwaagiza mapema wanakupikia. Ukifika Shimoni jioni, tembelea mapango ambayo yaliupa mji jina lake, yale yanayokumbukwa kwa historia ya biashara ya utumwa.

*Siku ya pili: Kisite na Wasini.* Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko upande wa kusini wa kisiwa cha Wasini. Ukibahatika utaona pomboo wakifuatana na mashua. Wasini hakuna magari, ni vichochoro, nyumba za mawe na bustani ya matumbawe ya kale ambayo akina mama wa kisiwa wameijengea njia ya mbao. Hiki ni kisiwa cha Waislamu, kwa hivyo beba leso au suruali ndefu ya kuvaa ukitoka majini. Kama ni Ijumaa, panga shughuli zako kabla ya adhuhuri au baada ya swala. Mwezi wa Ramadhani ulizia chakula cha mchana mapema.

*Siku ya tatu: Kaya Kinondo na Shimba Hills.* Lala Diani. Asubuhi ingia Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hutoki na hata jani moja. Mchana pandisha Kwale kupitia Kombani hadi Shimba Hills. Hapa ndipo mahali pekee nchini unapoweza kumwona palahala porini, yule swara mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Kuna ndovu pia, na maporomoko ya Sheldrick ambayo hutembelewa kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori.

*Siku ya nne: Mombasa hadi Kilifi.* Ni kama kilomita 60 tu, lakini usidharau foleni ya Nyali hadi Mtwapa. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, inastahili saa mbili za asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Ukitoka hapo, Jumba la Mtwana liko Mtwapa na magofu ya Mnarani yako Kilifi, juu kabisa ya maji ya hori.

*Siku ya tano: Mida, Gede na Arabuko-Sokoke.* Hii ndiyo siku tuliyoipenda zaidi. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni mabaki makubwa zaidi ya msitu mkavu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki. Nenda alfajiri na mwongozaji, umtafute mnyama mdogo mwenye pua ndefu na mgongo wa nyuma wa rangi ya dhahabu, na ndege ambao hawaonekani kwingine kwa urahisi. Karibu na hapo ni magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17 na kuingia orodha ya UNESCO mwaka 2024. Mlangoni pake kuna mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu huleta viluwiluwi vya vipepeo ili viuzwe nje ya nchi. Hori la Mida lina daraja la kamba linalopita juu ya mikoko, na ada unayolipa huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari wa eneo hilo.

*Siku ya sita: Watamu, Malindi na Marafa.* Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa 1968. Ingia majini asubuhi, kula samaki Malindi, kisha elekea Marafa saa tisa hivi ili ufike jua likishuka. Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, lina kuta nyeupe, waridi na nyekundu ambazo hubadilika rangi kila dakika wakati huo. Adhuhuri ni joto tupu.

*Kurudi Nairobi.* Kama gari lako ni refu kidogo na barabara imekauka, unaweza kurudi kupitia Tsavo Mashariki: uingie lango la Sala na kutokea Voi. Ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi ndani ya hifadhi, na huwezi kuendesha usiku humo. Jaza tangi Malindi, na ulizie hali ya barabara kabla ya kuondoka.

Pili, gawa pesa kwa mafuko matano

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usisafiri na salio moja kubwa ukitumaini litatosha. Chukua karatasi, andika mafuko haya matano, kila moja na kiasi chake.

1. Barabara. Mafuta, feri, maegesho, na panchari. Mafuta ni rahisi kukisia. Njia tuliyoeleza, bila ile ya Tsavo, ni kama kilomita 500 ukijumlisha mizunguko ya hifadhini. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 42 hivi. Ongeza robo kwa foleni, kiyoyozi na kupotea njia, upate kama lita 52. Zidisha na bei ya sasa. Kumbuka EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo kama safari inavuka tarehe hiyo acha nafasi.
2. Malazi. Siku sita ni usiku tano au sita. Fuko hili ndilo matapeli hulenga. Tutalirudia.
3. Ada za hifadhi na makumbusho. Hizi hulipwa kwa njia ya serikali, na bei hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni, mkubwa na mtoto. Zimekuwa zikibadilika, kwa hivyo usitumie bei uliyoambiwa na rafiki aliyeenda mwaka juzi.
4. Vijiji. Waongozaji, mashua, chakula cha akina mama, madaraja ya mbao. Watu wengi huliacha hili liwe "tutaona tukifika", halafu wanaishia kubishana na nahodha kwa mia mbili.
5. Dharura. Hili hulitumii. Liweke kwenye laini ya mwenzako ama kwenye akaunti ya akiba, lisiwe mbele ya macho yako.

Tatu, jua nani unamlipa vipi

*Hifadhi za KWS.* Langoni hawapokei cash. Malipo hupitia eCitizen, na paybill ya serikali ni 222222. Lipa ukiwa mjini, mahali penye mtandao mzuri. Tulimwona baba mmoja katika lango la Shimba Hills akiinua simu juu kama anayeomba mvua, akitafuta intaneti ya kufungua ukurasa. Ukishalipa, piga picha ya skrini ya risiti, na umtumie mwenzako nakala. Kumbuka tarehe uliyochagua ndiyo utakayoingilia. Ndio maana kwa Kisite wakati wa kusi ni bora ulipe jioni ya kuamkia safari, baada ya kuzungumza na nahodha, sio wiki mbili kabla.

*Vikundi vya vijiji.* Uliza kama kikundi kina till au nambari yake ya malipo, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa la mtu binafsi, uliza kwa heshima. Wakati mwingine ni mweka hazina na hakuna tatizo, wakati mwingine ni kijana aliyekukuta kwenye maegesho. Pesa ikiingia kwa kikundi, inaandikwa na inagawanywa. Karo ya Mida hailipwi na pesa iliyoishia mfukoni mwa dalali.

*Mashua.* Kabla ya kutuma chochote, kubalianeni mambo manne: bei ni ya chombo kizima ama ya kila mtu, ada ya hifadhi iko ndani ama nje, jaketi za kuokolea zipo za watoto, na nini kitafanyika hali ya hewa ikikataa. Andika makubaliano kwa ujumbe mfupi. Sisi hupendekeza ulipe akiba inayotosha mafuta ya mashua, na salio ulipe mkirudi gatini. Nahodha mzuri hatakataa, kwa sababu anajua bahari haina mkataba na mtu.

*Vitu vidogo.* Madafu, mahamri na mbaazi, viazi karai, mabuyu, boda ya kukufikisha ufukweni. Wengi hupokea malipo ya simu, lakini kwa shilingi 30 cash ni haraka na muuzaji hasumbuki. Toa pesa mara moja ama mbili katika miji mikubwa: Ukunda, Kilifi, Malindi. Ada ya kutoa huenda kwa ngazi, kwa hivyo kutoa 200 mara tano hukugharimu zaidi ya kutoa 1,000 mara moja. Tena wakala wa kijijini huwa na pesa kidogo. Ukimmalizia saa tatu asubuhi, mama wa pale jirani hatapata ya dawa saa nne. Beba kitambulisho asili, sio picha yake kwenye simu.

Nne, nyumba ambayo haipo

Kila Desemba tunapokea simu ile ile. Familia imefika Diani ama Watamu usiku, watoto wamelala kwenye kiti cha nyuma, na mlinzi wa geti anawaambia hakuna mgeni aliyetarajiwa. Picha zilikuwa za kweli. Nyumba ni ya kweli. Aliyepokea pesa ndiye hana uhusiano wowote nayo. Wakati huo sisi hatuna mengi ya kufanya, kwa sababu pesa ilishatolewa siku ile ile ilipotumwa.

Dalili ni hizi. Bei iko chini sana kuliko majirani. Kuna haraka: "wateja wengine wawili wanasubiri, tuma sasa hivi." Anataka pesa zote, sio akiba. Jina linalotokea ukilipa sio la nyumba wala la mtu uliyezungumza naye, na ana maelezo marefu ya kwa nini.

Dawa yake ni hii. Omba mazungumzo ya video akiwa ndani ya nyumba, akuonyeshe dirishani. Tafuta nambari ya nyumba hiyo mahali pengine, uipigie. Kama una mtu Pwani, hata binamu wa rafiki, mwombe apite. Na ukishindwa kuthibitisha, lipa akiba usiyoililia. Haraka haraka haina baraka, na tapeli anajua hivyo ndio maana anakuharakisha.

Tano, simu ndiyo pochi, ilinde kama pochi

Ndani ya Arabuko-Sokoke na kule baharini mtandao hupotea. Chaji nayo huisha haraka simu ikitafuta mtandao. Beba betri ya ziada, na uzime data usipoihitaji. Kumbuka kwamba menyu ya kulipa kwa kubonyeza nyota na reli haihitaji intaneti, mradi kuna mawimbi.

Gawa pesa kwa laini mbili za watu wawili. Mwenzetu mmoja alidondosha simu majini Wasini, na tuliendelea na safari kwa sababu nusu ya bajeti ilikuwa kwa simu ya mwingine. Laini yenyewe alibadilishiwa mjini siku iliyofuata kwa kitambulisho chake, na salio lilikuwa pale pale. PIN hakumpa mtu, hata sisi.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, tupigie papo hapo kabla ya kumpigia aliyepokea. Tukipata taarifa pesa ikiwa bado ipo, tunaweza kuishughulikia. Ikishatolewa, inakuwa kazi nyingine.

Na ukisimamishwa barabarani ukaambiwa kuna faini, faini halali hulipwa kwa njia rasmi ya mahakama. Haitumwi kwa nambari ya mtu.

Kwa nahodha, mwongozaji na mama wa madafu

Tunajua nanyi mnatusoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji naye huibiwa. Mgeni akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma, usiridhike na ujumbe wake. Subiri wako, kisha angalia salio lako, kwa sababu ujumbe wa kughushi huandikwa ukafanana kabisa. Mgeni mwaminifu atasubiri dakika moja. Na kama kikundi chenu bado kinapokea kwa nambari ya mweka hazina, fikirieni kufungua till ya kikundi. Siku mweka hazina atakaposafiri ama kuugua, pesa za kijiji hazitalala kwenye simu yake.

Kabla ya kuwasha gari

- Nimeongea na nahodha kuhusu upepo na saa ya maji.
- Nimelipa hifadhi za siku mbili za kwanza, na risiti ziko kwa simu mbili.
- Nimethibitisha malazi na nimelipa akiba tu.
- Mafuko matano yameandikwa, la dharura liko kwa laini nyingine.
- Nina cash kidogo ya noti ndogo na kitambulisho asili.
- Nina chupa ya maji ya kujaza tena. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Siku iliyofuata pale Shimoni, upepo ulitulia. Nahodha alitupigia saa kumi na mbili na nusu, tukalipa ada ya hifadhi tukiwa kitandani, na saa mbili tulikuwa majini. Tuliporudi tukammalizia salio lake pale gatini, akaangalia simu yake, akacheka, akatuambia tule pweza kabla hajaisha. Ile familia nyingine ilikuwa imeshaanza safari ya kurudi nyumbani. Watoto hawakuona Kisite.

Tungependa wako waione. Safari njema, na kumbuka: hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN yako, hata ukiwa likizoni.